Kutoka Sauti Hadi Neno: Msamiati wa Mtoto Anayejifunza Kusoma

Njia ya sauti ni utaratibu wa kufundisha kusoma unaomwongoza mtoto kuhusisha kila herufi, au kikundi cha herufi, na sauti inayowakilishwa nayo, kisha kuziunganisha sauti hizo mpaka neno litamkike. Aghalabu utaratibu huu huelezwa kana kwamba kazi yake inakoma pale mtoto anapoweza kutamka kilichoandikwa, na suala la msamiati, yaani jumla ya maneno ambayo mtoto anayaelewa na kuyatumia, huachiwa kipindi kingine na pengine darasa jingine. Sura hii inashikilia msimamo tofauti. Katika Kiswahili, ambacho maandishi yake yanafuata matamshi kwa karibu sana, somo la sauti ambalo si somo la maneno humfikisha mtoto upesi mahali pa hatari, ambapo anatamka kila kilichoandikwa na kuelewa kidogo. Ilhali somo lilelile, likipangwa kwa kuzingatia maana tangu siku ya kwanza, ni miongoni mwa njia za uhakika zaidi za kulifanya neno jipya likae katika kumbukumbu yake.

Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu njia ya sauti imetokana na mjadala uliohusu Kiingereza, na ni vyema kuufahamu mjadala huo kabla ya kuyachukua matokeo yake. Nchini Marekani, Jeanne Chall alichapisha mwaka 1967 kitabu kilicholinganisha shule zilizoanza na sauti za herufi na zile zilizowataka watoto watambue maneno mazima kwa sura yake, akahitimisha kwamba kuanza na herufi na sauti kunawafaa zaidi wanaoanza kusoma. Mwaka 2000 Jopo la Taifa la Usomaji la nchi hiyo lilitaja nguzo tano za kusoma, nazo ni ufahamu wa fonimu, uhusiano wa herufi na sauti, ufasaha, msamiati na ufahamu. Na mwaka 2006 ripoti iliyoandaliwa na Jim Rose huko Uingereza ilipendekeza kwamba njia ya sauti iwe msingi wa kufundisha kusoma katika shule za msingi za nchi hiyo. Fonimu, neno linalojitokeza mara nyingi katika maandiko hayo, ni sauti ndogo kabisa inayoweza kutofautisha maana ya neno moja na jingine, kama “p” na “b” zinavyotofautisha “paka” na “baka”.

Ukali wa mjadala huo unaeleweka ukikumbuka tabia ya maandishi ya Kiingereza, ambayo herufi moja huweza kubeba sauti nyingi na sauti moja kuandikwa kwa namna nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Philip Seymour na wenzake ulilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha kadhaa za Ulaya, ukaonyesha kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza watoto wa Kifini, Kigiriki, Kiitaliano na Kihispania walikuwa wakisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida waliyopewa, wakati watoto wa Scotland waliojifunza kwa Kiingereza walisoma takriban thuluthi moja tu. Tofauti hiyo haikutokana na akili za watoto. Ilitokana na mzigo ambao kila mfumo wa maandishi unamtwika anayeanza.

Kiswahili kimo katika kundi la lugha zenye mzigo mwepesi. Kina irabu tano, na kila moja ina herufi yake isiyobadilika. Konsonanti zake karibu zote husomwa kwa namna moja popote zilipo. Na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, jambo linalomrahisishia mtoto kuligawa neno. Mtoto mwenye afya, mwalimu na kitabu anaweza kufungua maandishi ya Kiswahili, yaani kuyageuza kuwa sauti, katika muda ambao mwenzake wa Kiingereza bado anahangaika na vighairi. Hata hivyo, wepesi huo una upande wa pili unaosahaulika. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kwa ufahamu kuwa ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa, yaani uwezo wa kufungua maandishi na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa, na katika kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa kiasi gani. Lugha inayorahisisha sehemu ya kwanza huihamishia kazi yote iliyobaki kwenye sehemu ya pili, na sehemu hiyo ya pili kiini chake ni msamiati. Mtoto wa Kiingereza anayeshindwa kusoma hujulikana mapema kwa sababu anakwama kutamka. Mtoto wa Kiswahili anaweza kupita madarasa mawili akisoma kwa sauti ya kupendeza pasipo mtu yeyote kugundua kwamba maneno mengi anayoyatamka hayamwambii kitu.

Kwa vizazi kadhaa shule za Afrika Mashariki zimefundisha kusoma kwa njia ya silabi: irabu tano kwanza, kisha “ba, be, bi, bo, bu”, na baada ya hapo konsonanti nyingine moja baada ya nyingine. Ni kosa kuidharau njia hii kwa kuwa ni ya zamani, kwa maana silabi ndiyo kipande cha neno ambacho sikio la mtoto hukitambua kwa urahisi zaidi. Isabelle Liberman na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 1974 walipowataka watoto wadogo wagonge meza kwa kila kipande cha neno walichokisikia. Wenye umri wa miaka minne, karibu nusu waliweza kuhesabu silabi na hakuna hata mmoja aliyeweza kuhesabu fonimu. Wenye umri wa miaka sita, waliokwisha kuanza shule, asilimia 90 waliweza silabi na asilimia 70 waliweza fonimu. Watoto wa pwani ya Kiswahili wanalo dai kongwe zaidi juu ya elimu hii, kwani mchezo wa kusema kinyume, ambapo silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni, hata “kitabu” kikawa “bukita” na “chakula” kikawa “lachaku”, ulikuwa umeenea kiasi cha Edward Steere kuuandika katika karne ya 19. Anayeweza kucheza hivyo ameshaligawa neno kichwani mwake bila kuiona herufi hata moja, na mwalimu wa darasa la awali anayeukaribisha mchezo huo darasani anaanzia pale ambapo mtoto tayari ana nguvu.

Udhaifu wa njia ya silabi uko kwingine. Wimbo wa “ma, me, mi, mo, mu” hukaririwa kwa urahisi mno, na darasa zima linaweza kuuimba macho yakiwa dirishani, kwa hiyo mwalimu anayetaka kujua nani anasoma na nani anaimba hana budi kuionyesha “mo” peke yake, nje ya safu yake. La pili, na ambalo ni zito zaidi, ni kwamba safu hizo haziwezi kuzalisha baadhi ya maneno ya kawaida kabisa katika lugha. Mtoto aliyefundishwa kwamba “m” daima hufuatwa na irabu hajawahi kukutana na “m” inayosimama peke yake kama silabi kamili, na kumbe hiyo ndiyo iliyomo katika “mtu”, “mti”, “mtoto”, “mkate”, “mkono” na “mgonjwa”. Vivyo hivyo kwa “k” ya “daktari” na “maktaba” na “b” ya “labda”, ambazo hazina irabu yake. Hapa ndipo njia ya sauti inapokamilisha ya silabi, kwa sababu inamfundisha mtoto kwamba herufi ina sauti yake yenyewe hata pale isipofuatwa na “a, e, i, o, u”. Mitaala ya sasa inaelekea kuzichanganya njia hizo mbili. Tanzania, ambayo kuanzia mwaka 2015 ilipanga upya mafunzo ya darasa la kwanza na la pili yajikite katika KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, inamtaka mwalimu aanze na utambuzi wa sauti kabla ya kufika kwenye silabi na maneno. Na nchini Kenya mpango wa Tusome, ulioenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2015, ulipanga masomo ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa kufuata sauti lengwa.

Mpangilio wa sauti zipi zitangulie ni uamuzi wa kimsamiati, ingawa mara nyingi huchukuliwa kuwa ni wa kiufundi. Mwalimu anayefuata alfabeti huanza na “b”, kisha “ch”, kisha “d”, na kabla hajafika mbali ameshapitia “dh” na “gh”, sauti ambazo mtoto wa miaka sita hukutana nazo katika maneno machache. Anayechagua “m”, “k”, “t” pamoja na irabu “a”, “i”, “u” anaweza, kwa herufi sita tu, kuwapa watoto “mama”, “kaka”, “mti”, “mtu”, “kiti”, “kitu”, “kuku”, “taa”, “kima”, “mkia”, “mkuki”, “mtama”, “kutu”, na vitenzi “kata”, “tuma”, “tumia”, “kauka” na “tamka”. Orodha hiyo ina maneno ambayo kila mtoto anayajua na mengine ambayo wengi hawajayasikia, na mchanganyiko huo ndio unaotakiwa, kwani yanayojulikana humhakikishia mtoto kwamba alichotamka kina maana, na yasiyojulikana, kama “kutu” na “kima”, humpa sababu ya kuuliza. Waandaaji wa Jolly Phonics, mfumo wa Kiingereza wenye sauti 42 unaotumika pia katika shule nyingi za Afrika Mashariki, walifikiri kwa namna hiyohiyo walipoanza na “s, a, t, i, p, n”. Lakini mpangilio wao ulitengenezwa kwa maneno ya Kiingereza, na shule inayouhamisha kama ulivyo kwenye kipindi cha Kiswahili inabeba ganda na kuiacha punje.

Usemi kwamba Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa unahitaji kuwekewa mipaka, na kila mpaka ni somo la msamiati. Herufi za “mbuni” ni zilezile kwa ndege mkubwa asiyeruka na kwa mtu anayebuni kitu, lakini jina la ndege lina silabi mbili, “mbu-ni”, na la mtu lina tatu, “m-bu-ni”. “Nyumba mbaya” na “mtu mbaya” nazo hutofautiana hivyo katika matamshi makini. Mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hauandikwi, na ndiyo maana “barabara” yaweza kuwa njia ya magari au, mkazo ukisogezwa nyuma, ikamaanisha sawasawa. Katika lahaja za pwani, Kimvita kikiwemo, kuna tofauti ya mpumuo, yaani pumzi inayosikika baada ya konsonanti, inayomtenganisha “paa” mnyama na “paa” la nyumba, na “tembo” mnyama na “tembo” kinywaji, nayo haina alama katika maandishi sanifu. Katika mifano yote hii msomaji hutegemea maana ili atamke sawasawa. Mtoto asiyemjua mbuni wa aina yoyote hana njia ya kuamua, na hakuna kanuni ya herufi itakayomwokoa.

Jambo hili linakuwa zito zaidi kwa watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Tanzania ina zaidi ya lugha mia moja za jamii, na katika vijiji vingi mtoto husikia Kiswahili cha shule kwa upana wake siku anapoanza darasa la kwanza, siku ileile anapotakiwa aanze kukisoma. Sikio lake limezoea fonimu za lugha nyingine. Kikikuyu hakina “l”, Kisukuma hakina “r” yake ya asili, na lugha nyingi za bara hazina “dh”, “th” wala “gh”, sauti ambazo Kiswahili kilizipata pamoja na maneno ya Kiarabu. Mtoto kama huyo anapoandika “karamu” akikusudia “kalamu”, kosa lake haliko mkononi, bali liko katika kusikia, na kusahihishwa kwa wino mwekundu hakumfundishi kusikia.

Dawa inayofahamika kwa wanaisimu ni jozi mlinganuo finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa fonimu moja tu mahali pamoja. Kiswahili ni tajiri kwa jozi hizi: “kalamu” na “karamu”, “mahali” na “mahari”, “kula” na “kura”, “dhana” na “zana”, “thamani” na “samani”, “choka” na “shoka”. Thamani yake katika ufundishaji inazidi mazoezi ya matamshi. Mwalimu anapoweka kalamu mezani na picha ya watu wanaokula katika sherehe ukutani, akatamka moja ya maneno hayo na kumtaka mtoto aonyeshe lipi limesemwa, mtoto analazimika kusikiliza kwa sababu maana inamtegea jibu. Anajifunza kutofautisha sauti mbili, na kwa kazi hiyohiyo anajipatia neno “karamu” ambalo huenda hakuwa nalo. Jozi ya “dhana” na “zana” haiwezi kufundishwa hivyo kwa mtoto wa miaka sita, kwa kuwa dhana haichoreki, na mwalimu mwenye busara ataihifadhi mpaka darasa la tatu au la nne. Jambo la kusikitisha ni kwamba jozi hizi hutumika zaidi katika vyuo vikuu, kwa watu ambao wameshajua kusoma, kuliko katika madarasa ambamo zinaweza kumwokoa mtoto.

Uhusiano wa sauti na msamiati una upande mwingine ambao haukutarajiwa na wengi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba msamiati husaidia kusoma na mambo yakaishia hapo. Lakini mwaka 2008 Julie Rosenthal na Linnea Ehri walionyesha kwamba maandishi nayo husaidia msamiati. Waliwafundisha watoto wa darasa la pili na la tano maneno wasiyoyajua kwa kuyatamka, kuyaeleza, na kuyatumia katika sentensi zenye picha, ila kwa baadhi ya maneno watoto waliona pia yanavyoandikwa na kwa mengine hawakuona. Maneno yaliyoonekana yalikumbukwa vizuri zaidi, matamshi na maana pia, ijapokuwa wakati wa kuulizwa maandishi yalikuwa yameondolewa. Maelezo ya Ehri ni kwamba mtoto anayezijua sauti za herufi huziunganisha herufi za neno na sauti zake na maana yake kwa pamoja, na umbo lililoandikwa huzishikilia sauti zisiteleze. Hii ni hoja ya kutosha ya kuliandika ubaoni kila neno jipya, likiwemo linalojitokeza katika somo la hesabu au la mazingira, hata pale mwalimu anapodhani kwamba kulisema kunatosha. Lakini faida hiyo humfikia mwenye ufunguo tu. Mtoto asiyezijua sauti za herufi huona michoro ambayo haimkumbushi kitu, na hivyo njia ya sauti, inayodhaniwa kuwa imekaa mbali na msamiati, ndiyo inayomwezesha kuyafaidi maandishi kama chombo cha kujifunzia maneno.

Kwa vitendo, kulifundisha neno moja kwa namna hii hakuchukui zaidi ya dakika chache. Tuseme neno ni “mfereji”. Mwalimu hulitamka ndani ya sentensi inayolielekeza, kwa mfano kwamba maji ya mvua yanapita kwenye mfereji nyuma ya shule. Watoto hulirudia na kulipigia makofi, m-fe-re-ji, makofi manne, na hapo ndipo wale wanaosema “mfeleji” husikika. Kisha huandikwa polepole, kila silabi ikitamkwa inapoandikwa, na mtoto mmoja hulisoma bila kusaidiwa. Inafuata hatua inayorukwa mara nyingi kuliko zote: watoto waulizwe maswali ambayo hayajibiki bila kuijua maana, kama vile mfereji una tofauti gani na mto, au nani huuchimba, au kitatokea nini ukiziba. Kumtaka mtoto “atunge sentensi” mara tu baada ya kulisikia neno huleta sentensi za aina ya “huu ni mfereji”, ambazo ni sahihi na hazionyeshi lolote. Mwishoni kila mtoto huliandika kwa kusikia, bila kunakili, kwa kuwa kuandika kwa kusikia kunamlazimu azipitie sauti zote tena, kwa mpangilio wake. Neno hilo lirudi tena kesho yake na wiki inayofuata, katika habari tofauti, kwani neno lililokutwa mara moja husahaulika hata kama lilifundishwa vizuri.

Sehemu yenye utajiri mkubwa zaidi, na ambayo vitabu vya njia ya sauti vilivyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza haviwezi kuifundisha, ni muundo wa neno la Kiswahili lenyewe. Mtoto anayeweza kusoma “to-to” akipewa viambishi, yaani vipande vinavyobandikwa kwenye mzizi ili kubadilisha maana au uhusiano wake na maneno mengine, husoma papo hapo “mtoto”, “watoto”, “kitoto”, “vitoto” na “utoto”. Mzizi wa “pika” humpa “pikia”, “pikwa”, “pikika” na “pikisha”, na ukichunguzwa zaidi humpa “mpishi”, “upishi” na “mapishi”, ambamo “k” imegeuka kuwa “sh”, badiliko linalosikika sikioni na kuonekana katika maandishi kwa wakati mmoja. Hapa kujifunza sauti na kukuza msamiati si shughuli mbili tena. Anayejua kwamba “ki-” na “vi-” huenda pamoja anaweza kukisia wingi wa jina ambalo hajawahi kulisikia, na anayetambua “-ia” ya kutendea anaweza kuelewa “andikia”, “imbia” na “chimbia” pasipo kufundishwa kila moja peke yake. Ufahamu huo unahitajika pia kwa ajili ya ufasaha, kwa kuwa neno la Kiswahili hurefuka kadiri linavyobeba mambo mengi. “Hawakumpikia” ni silabi saba, na mtoto anayezipanda moja baada ya nyingine, ha, wa, ku, m, pi, ki, a, hufika mwisho akiwa amesahau alikoanzia. Lakini yule anayeona humo kanusho, watendaji, wakati uliopita, mtendewa na kitenzi anachokifahamu, hulisoma kwa vipande vinne au vitano vyenye maana na kulielewa linapokamilika. Madarasa mengi huiachia sarufi kazi hii mpaka darasa la nne au la tano, kwa istilahi nzito, ilhali watoto wa miaka saba wanaweza kuifanya kwa kadi za viambishi na mizizi bila kulijua hata jina la kiambishi.

Mtu aliyeonyesha kwa uwazi zaidi kwamba silabi na maana hazipingani ni Paulo Freire, mwalimu wa Brazili ambaye katika miaka ya 1970 alifika pia Tanzania. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos nchini mwake, vibarua wapatao 300 walifundishwa kusoma katika muda wa takriban saa 40. Somo halikuanza na safu za silabi, bali na neno lililojaa maisha ya wanafunzi wenyewe, mathalani “tijolo”, maana yake tofali. Wanafunzi walizungumza kwanza juu ya kazi ya ujenzi na juu ya wanaoishi katika nyumba wasizojengewa vizuri, kisha neno likagawanywa, kila silabi ikazaa familia yake, “ta, te, ti, to, tu”, “ja, je, ji, jo, ju”, “la, le, li, lo, lu”, na kutokana na familia hizo wanafunzi wakaunda maneno mapya wao wenyewe. Safu ni zilezile zinazoimbwa katika madarasa ya Afrika Mashariki. Kilichobadilika ni mahali pake katika somo, kwani zilikuja baada ya neno na zikarudi kwenye neno. Wanafunzi wa Freire walikuwa watu wazima waliokwisha kuwa na msamiati mpana wa lugha yao, na kwa hiyo kasi yao isitarajiwe kwa watoto. Lakini mpangilio wake unafaa darasa la kwanza kwa kila hali.

Kwa vyovyote vile, maneno anayoweza kuyasoma mtoto wa miaka sita ni machache kuliko anayoweza kuyaelewa, na machache zaidi kuliko anayopaswa kujifunza, ndiyo maana msamiati wake hauwezi kuachwa usubiri herufi. Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, katika kitabu chao cha mwaka 2002, waliyapanga maneno katika ngazi tatu: yale ya kila siku ambayo mtoto huyapata nyumbani, yale ya lugha pevu yanayojitokeza katika masomo mengi, na yale ya taaluma maalumu. Walishauri juhudi ya mwalimu ielekezwe zaidi kwenye ngazi ya kati. Katika Kiswahili ngazi hiyo ina maneno kama “tahadhari”, “linganisha”, “hatimaye”, “kadiria”, “sababisha” na “ingawa”, ambayo hujaa katika vitabu vya darasa la tatu na la nne na ambayo mtoto hayasikii jikoni wala uwanjani. Chanzo chake kikuu kwa mtoto asiyesoma bado ni sauti ya mtu mzima anayemsomea au kumsimulia hadithi kila siku, kwa lugha iliyo juu kidogo ya ile anayoitumia mwenyewe, akitua kwenye neno gumu na kulieleza kabla ya kuendelea. Mtoto atakayeikuta “hatimaye” katika maandishi baada ya kuisikia mara nyingi katika hadithi ataitambua inapomtoka kinywani. Asiyewahi kuisikia ataitamka vilevile na kuipita.

Upimaji nao una namna ya kuvuruga mambo. Majaribio mengi ya kusoma huwapa watoto maneno bandia, yaani yaliyoundwa kwa kufuata kanuni za lugha lakini yasiyo na maana, ili kuhakikisha kwamba wanazisoma herufi badala ya kukumbuka maneno. Jaribio la sauti linalofanywa Uingereza tangu mwaka 2012 lina maneno 40, na nusu yake ni ya namna hiyo. Kama kipimo ni jambo la haki. Lakini mwalimu anayejua kwamba watoto wake watapimwa hivyo hushawishika kuwazoeza hivyo, na darasa linalotumia vipindi vyake kusoma maneno yasiyo na maana linawafundisha watoto kwamba kusoma hakudai maana. Upimaji wa Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto katika Afrika Mashariki, ambao kwa Kiswahili huanzia kwenye silabi, ukapanda kwenye maneno na aya hadi hadithi yenye maswali, umeelekea panapofaa zaidi kwa sababu unamfikisha mtoto kwenye ufahamu. Mwalimu hahitaji kusubiri wapimaji: anaweza kila wiki kumketisha mtoto mmoja mmoja, akamsomesha mistari mitatu, kisha akamuuliza maana ya maneno mawili yaliyomo na kuandika majibu yake katika daftari, na baada ya muhula mmoja atakuwa na picha ambayo usomaji wa darasa zima kwa pamoja hauwezi kumpa kamwe.

David Share alieleza mwaka 1995 kwamba mtoto aliyemudu sauti za herufi hujifundisha mwenyewe, kwa kuwa kila neno geni analofaulu kulifungua katika maandishi humwachia alama ya umbo lake, na sehemu kubwa ya maneno anayoyatambua msomaji hupatikana kwa njia hiyo, nje ya somo lolote. Kwa mtoto wa Kiswahili, ambaye ufunguo huo huupata mapema, wakati wa kujifundisha unaweza kuanza kabla hajamaliza darasa la pili, mradi pawepo cha kusoma. Shule ambayo mwanafunzi wake ana kitabu kimoja cha kiada, tena anachochangia na wenzake, imempa ufunguo bila kumpa mlango. Na vitabu vya ziada vinavyohitajika si lazima viwe vya gharama, kwani hadithi fupi zilizotungwa na walimu, habari za mahali, maelezo ya namna ya kupanda mahindi au kutibu jeraha, na vitendawili vilivyoandikwa kwenye karatasi kubwa na kutundikwa ukutani, vyote vinamkutanisha mtoto na maneno mengi kuliko yale yanayoweza kuingia katika ratiba ya mwalimu yeyote.